Miaka Mitatu Isiyo Yake

Mimi nina duka la steshenari Kalangalala, hapa Geita mjini, na niseme mapema kwamba sina subira. Mwanangu Safiya husema ningekuwa nesi, wagonjwa wangepona kwa woga. Mtu akiniletea cheti kilichokunjwa mara nane mpaka kimetoboka kwenye mikunjo, namfokea kwanza, salamu baadaye. Lakini riziki yangu ndiyo hiyo. Natoa fotokopi, nachapa barua, na tangu mambo yote yahamie mtandaoni, nawajazia watu maombi ya kazi. Kwa hiyo najua siri za mji huu kuliko padri na shehe wakiwekwa pamoja. Najua nani alifeli hesabu, nani hana cheti cha kuzaliwa, na nani kwa mujibu wa karatasi zake alizaliwa mama yake akiwa darasa la tano.

Mwalimu Boaz nilimjua kwa mwandiko kabla sijamjua kwa sura. Shule yake ilikuwa ikiniletea mitihani ya kuchapa, imeandikwa kwa mkono, na ya walimu wengine ilinifanya nitamani kufunga duka. Ya kwake ilikuwa imenyooka, kila sehemu imepigiwa mstari kwa rula. Siku alipokuja mwenyewe kuchukua karatasi nikakuta ni mtu mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisukuma iliyogoma kuondoka. Mimi kwa babu ni Mzaramo, na Msukuma ni mtani wangu, basi kuanzia siku ile nikawa namchokoza nipendavyo. Nikimwambia Wasukuma wamejua kuhesabu kwa sababu ya ng'ombe tu, ananijibu, “Na nyie Mama Safiya mlijulia wapi, maana ng'ombe hamna?” Tulielewana hivyo hivyo.

Alikuwa akifundisha hisabati darasa la saba katika shule ya Mzee Zamoyoni. Huyo Zamoyoni alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na miaka ile maduara yake, yale mashimo ya kuchimbia, yalipokuwa yanatema, alijenga shule ya ingilishi midiamu, madarasa tisa na bwalo, mabasi mawili ya njano. Boaz aliingia pale kijana, ametoka chuo cha ualimu. Serikali nayo ilikuwa imempangia shule Namtumbo, kusini kabisa. Hakwenda. Zamoyoni alikuwa akilipa karibu mara mbili ya serikali, na nyumba juu yake. Nilipokuja kumwambia kwamba mchagua jembe si mkulima, alicheka kwa adabu, akasema wakati ule kila mtu alimwona mjanja. Sina la kumlaumu, hata mimi ningebaki.

Miaka kumi na sita ikapita. Mawe yakaisha kwenye maduara ya Zamoyoni, wachimbaji wakahamia kwenye rashi nyingine, huko dhahabu ilikoibuka, wakaondoka na watoto wao. Darasa lililokuwa na watoto arobaini likabaki na kumi na mmoja. Desemba ya mwaka juzi, Zamoyoni aliwaita walimu bwaloni, akawapa soda, akawashukuru sana, kisha akasoma majina ya wanaorudi Januari. Boaz alisubiri la kwake mpaka karatasi ikakunjwa. Anasema alidhani mzee ameruka mstari, akaenda kumuuliza pembeni, na yule mzee akamshika bega na kumwambia, “Mwalimu, wewe ni mtu mzima, utaelewa.”

Alielewa nini, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kufika Juni shule yenyewe ilifungwa, na madarasa yakakatwa katikati kwa ukuta wa tofali moja yakawa gesti. Darasa lake likawa chumba namba tano na chumba namba sita. Ubao ulikuwa wa saruji, haukubanduka, wakaupaka rangi ya waridi. Alipita pale akaona kwa dirisha, akaja dukani kwangu akakaa kwenye stuli bila kusema alichokuja kufanya. Nikamwachia akae. Nilikuwa na wateja sita na sikumfokea hata mmoja, ndipo ujue nilivyoshtuka.

Kuanzia hapo nikawa namchapia barua za maombi. Shule kumi na moja za binafsi, Geita, Kahama mpaka Shinyanga mjini, barua zote nimezichapa kwa mkono wangu. Wengine hawakujibu. Wengine walitaka stashahada, naye ana cheti cha daraja la A. Mwalimu mkuu mmoja, mwanamke wa rika langu, alimwambia wazi kwamba anatafuta vijana wasio na familia, wa kulala bwenini na watoto. Boaz alinisimulia hilo akitabasamu, na nikaona jino lake la pembeni limeoza, hakuwa analitibu tena. Mkewe, Noela, alianza kuuza uji na maandazi asubuhi mbele ya duka la mbao jirani na kwangu. Alikuwa mke wa mwalimu mwenye nyumba ya shule, sasa wanakaa chumba na sebule Nyankumbu, na binti yao mkubwa Lusia ametolewa shule ya kulipia. Noela hakuwahi kulalamika mbele yangu. Alikuwa akisema tu, “Mama Safiya, mtafutie kitu baba Lusia, anaamka saa kumi na moja anavaa, halafu anakaa.”

Basi Oktoba serikali ikatangaza nafasi za walimu, maelfu. Nililiona tangazo alfajiri, nikampigia kabla sijanawa uso. Alikuwa amekwishaliona. Akaja na bahasha ya kaki, vyeti vyote vimenyooka, na mimi nikafungua mtandao nikaanza kujaza: Boaz, jina la baba, jina la babu, namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya kuzaliwa ikajileta yenyewe, mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa. Nikabonyeza kuendelea, kompyuta ikakataa. Mwisho wa umri ni miaka arobaini na tano, naye ana arobaini na sita.

“Mwalimu wa hesabu mzima,” nikamwambia, “hujui miaka yako? Umeniamsha bure.”

“Wewe ndiye uliyeniamsha, Mama Safiya.”

Ni kweli, mimi ndiye niliyempigia. Lakini yeye alikuwa amelisoma tangazo lote hadi mwisho, alikuwa anajua. Alikuja akidhani mimi nina mlango wa nyuma. Nikamwambia sina, na hata ningekuwa nao nisingemfungulia, maana mashine hii haina shemeji. Akatazama mlangoni kuona kama kuna mteja, kisha akasema, “Mimi nina arobaini na tatu. Mimi siyo Boaz.”

Niliacha kuandika.

Akanisimulia. Kwao ni kijiji kimoja nyuma ya Tinde, huko Shinyanga. Baba yao alikuwa na ng'ombe themanini na wana wawili wa kiume. Mkubwa ndiye Boaz, alizaliwa sabini na tisa. Mdogo anaitwa Mageni, wa themanini na mbili. Mwaka themanini na nane walimu walipita nyumba kwa nyumba kuandika watoto waliofikia umri wa shule, na kwa baba yao wakaandika Boaz. Mtoto akishaandikwa asipopelekwa, baba anaitwa ofisini kwa mtendaji. Lakini Boaz ndiye aliyekuwa akijua ng'ombe. Alijua yupi mkorofi, yupi anakaribia kuzaa, na majani yako wapi kiangazi. Mageni alikuwa na miaka sita, hajui lolote, analia akisukumwa na ndama. Basi siku ya kufungua shule, mzee alimshika Mageni mkono akampeleka, akamwambia mwalimu, “Boaz ndiye huyu.”

Enzi hizo mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akilifikia sikio la upande wa pili amekomaa. Mkono wa Mageni haukufika, akalaza kichwa begani akalishika. Mwalimu aliona, lakini kwenye daftari lake anatakiwa awe na Boaz, na Boaz mmoja alikuwa mbele yake ameshika sikio. Akaandika.

Nilimwambia kosa hilo usilitafute Pwani. Kwetu mtu hawezi kumvika mwanawe jina la mwanawe mwingine kwa sababu ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe wenyewe hatuna. Alicheka kidogo. Halafu akasema kwamba nyumbani hakuna aliyeona ni uongo. Mzee aliona ametoa mtoto mmoja kama alivyoagizwa, jina ni la nyumba hiyo hiyo. Cheti cha darasa la saba kikatoka Boaz, cha kidato cha nne kikatoka Boaz, cha chuo kikatoka Boaz. Kanisani alifunga ndoa kama Boaz. Nyumbani kwao tu ndipo anapoitwa Mageni, na Noela hajui, anadhani Mageni ni jina la utani.

“Hata Noela?” nikauliza.

“Ningeanzia wapi kumwambia?”

Hapo ndipo nilipojitia kiherehere, na nalisema kwa kuwa ni kosa langu. Mwalimu alikuwa tayari kuondoka na bahasha yake. Mimi nikamkalisha. Nikampeleka kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya duka la simu, mtu ninayemchapia nyaraka zake. Wakili alisikiliza akikuna kidevu. Akasema jambo hili ni gumu lakini halijafa. Wazazi wamekufa wote, basi shahidi ni huyo kaka. Aje na kitambulisho chake kinachosema yeye ndiye Boaz wa sabini na tisa, aape kwamba hajawahi kukanyaga shule, aape kwamba aliyesoma ni mdogo wake. Akiwa na hivyo viwili mkononi, kiapo na kitambulisho, ataandika maombi ya kurekebisha mwaka, na hata dirisha la safari hii likifungwa, kuna la mwakani. “Mna miaka miwili,” akasema, “akifika arobaini na tano ya kweli, msinijie tena.”

Mwalimu alishuka zile ngazi akiwa mtu mwingine. Alininunulia soda, mimi ambaye nilikuwa namkopesha karatasi. Alianza kupanga: atakubali popote, Namtumbo, Kibondo, popote, hata shule ya nyasi. Akaniuliza kama mtu mwenye miaka arobaini na tatu anahesabiwa bado kijana. Nikamwambia kwa Wasukuma, ndiyo, bado anachunga.

Nilikwenda naye. Nilikuwa na safari ya Kahama kununua karatasi na wino, na kusema kweli sikumwamini kwamba ataweza kumwomba mtu kitu. Tuliondoka asubuhi, tukabadili basi Kahama, tukapita Buzwagi, saa tisa tukawa kijijini. Kaka yake alitupokea uani. Mtu mrefu, mikono mipana, miguuni katambuga za tairi. Alinisalimia kwa Kisukuma, “Mwadila, mayu,” mayu ni mama, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha kuokoteza kwa ajili yangu. Mdogo wake akampa shikamoo, akaitikia, “Marahaba, Mageni,” na ni mara ya kwanza mimi kulisikia jina hilo likiitwa na mtu kama jina la kawaida. Walituletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na kuku akaanza kukimbizwa nyuma ya nyumba.

Ng'ombe themanini hawakuwepo tena. Ukame na ada ya chuo ya Mwalimu viliwamaliza, wamebaki tisa. Hilo nilielezwa na mke wa kaka, bila uchungu, akinimenyea karanga.

Mwalimu alieleza shida yake kwa Kisukuma, muda mrefu, akitazama chini. Mimi nilikuwa nikimtazama kaka. Nilitegemea kuona hasira, au angalau kisirani cha mtu aliyekosa shule akaletewa habari za shule. Badala yake uso wake ukawa unafunguka. Alifurahi. Miaka yote mdogo wake alikuwa akija na zawadi, na sukari, na sabuni, na yeye hana la kumpa. Leo anaombwa kitu na anacho. Akainuka upesi, akaingia ndani, tukasikia sanduku la bati likifunguliwa, akatoka na kitambulisho kimefungwa kwenye nailoni, kimezungushiwa uzi. Akanipa mimi, kwa mikono miwili, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye mtu wa karatasi.

“Kiko hapa,” akasema. “Niambie dole gumba niweke wapi.”

Nilifungua uzi. Picha ni yake. Jina ni Mageni. Mwaka ni elfu moja mia tisa themanini na mbili.

Nilisoma mara mbili. Kisha, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kusema kwa mdomo, nikampa Mwalimu asome mwenyewe. Akamuuliza kaka yake jambo kwa Kisukuma, sauti ya chini kabisa, na kaka akajibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kama mtu anayeeleza jambo jema alilolifanya akitaka shahidi.

“Ule mwaka wa vyeti feki,” akasema, “redio ilikuwa inasema kila siku. Walimu wanafukuzwa, waganga wanafukuzwa. Na mwezi ule ule wakaja kijijini kutuandika vitambulisho. Mimi nikasema, hapa wakikuta Boaz wawili, baba mmoja, mwaka mmoja, watauliza yupi alisoma. Mageni ana watoto. Nikasema mimi nitajificha. Nikawaambia ninaitwa Mageni. Mwaka wako mama alinikumbusha, alikuwa bado yupo. Nikaweka vidole vyote kumi.”

“Kwa nini hukuniambia, kaka?”

“Ungekosa usingizi.”

Kuku alikuwa ameshikwa, tulimsikia. Kaka alitazama uso wa mdogo wake, akanitazama mimi, akatazama kitambulisho, na polepole akaanza kuelewa kwamba kuna kitu kimeharibika. “Siyo chenyewe?” akauliza. “Kinatakiwa kingine?” Akasema anaweza kwenda Shinyanga kesho asubuhi, anaweza kwenda hata Dodoma, akawaambie alidanganya, wampe cha kwake, na cha Mageni wampe Mageni. Mwalimu akamshika mkono akamwambia, “Wabeja, kaka,” yaani asante, akasimama akaenda kwenye zizi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilikasirika, maana nilitafuta wa kumkasirikia pale uani sikumpata. Baba alikuwa kaburini. Yule mwalimu wa darasa la kwanza naye, kaburini. Na huyu mbele yangu alikuwa ameshika nailoni yake tupu, anasubiri nimwambie aweke dole wapi.

Asubuhi nilimpigia wakili. Nilitoka nje ya kijiji ili nisisikike. Aliguna, akaniambia, “Mama, achana nalo. Hilo ukiliinua hupati ajira, unapata kesi mbili. Mmoja amesoma kwa jina la mtu, mwingine amejiandikisha kwa jina la mtu, na hivyo vyeti vitakuwa vya mtu ambaye hajui kusoma. Hivi sasa ana vyeti halali vya Boaz. Abaki Boaz.” Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo, ila hiyo inahitaji watu wawili wafe wazaliwe upya, akakata simu akiwa na kesi mahakamani.

Siku ya mwisho ya maombi Mwalimu alikuja dukani saa nne. Nilijaza fomu za vijana saba siku ile, wote walimu, wa mwisho ni binti ambaye Boaz alimfundisha kugawanya desimali. Alimkumbatia mwalimu wake kwa furaha, akamwomba amwombee dua. Mwalimu alimsahihishia barua yake, akaondoa makosa mawili, akamrudishia.

Noela aliambiwa jioni ile. Kesho yake hakupika uji. Alikuja dukani kwangu mikono mitupu, akasimama upande wa wateja. “Mama Safiya,” akasema, “watoto wangu wanne wanaitwa Boaz kwa jina la pili. Lusia Boaz. Hilo ni jina la shemeji.” Nilitaka kumwambia jina ni jina tu, lakini kazi yangu mimi ni majina, najua siyo jina tu. Nikamtolea stuli. Alikaa kwenye stuli ile ile ya mumewe, akasema hana hasira naye, ana huzuni tu kwamba ameishi na mtu aliyekuwa akiogopa miaka kumi na saba, yeye Noela akidhani ni upole.

Kazi ilipatikana Januari. Ni mimi tena niliyeisikia, kwa mteja. Kule Buseresere kuna mama mmoja wa kanisa ana kituo cha chekechea, watoto wa wafanyabiashara na wa wachimbaji, mwalimu wake amejifungua. Hakuuliza stashahada. Hakuuliza umri. Alitaka mtu mpole anayeweza kukaa na watoto mpaka saa kumi mama zao wafunge vibanda. Mwalimu alikwenda peke yake, Noela akabaki na watoto Nyankumbu, kwa kuwa mshahara ule haubebi watu sita. Analala kwenye chumba cha stoo cha kituo, pamoja na mikeka.

Nilimtembelea Machi, nikiwa napeleka madaftari. Nilimkuta ameinama mbele ya watoto thelathini, wamekaa chini, anawaimbisha irabu, a, e, i, o, u, na mkononi ana kitambaa cha kuwafuta makamasi. Mtu aliyefaulisha darasa la saba hisabati miaka kumi na sita. Watoto wale wamezoea kwamba mwalimu ni mwanamke, basi wanamwita Madam. “Madam, naomba kukojoa.” “Madam, huyu ananipiga.” Naye anaitika. Nilicheka, utani ukanipanda mdomoni, halafu nikamwona macho na nikaumeza. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema, “Nashukuru Mungu, ni kazi.” Akasema jioni watoto wakiondoka anafungua kitabu cha hisabati, anafanya maswali kumi, anajisahihisha, anakifunga. Hajui anayafanya kwa ajili ya nini. Nikamwambia aje Pasaka nyumbani, akasema atajitahidi, hakuja.

Nilidhani hadithi yake imeishia hapo, na kama ingeishia hapo nisingeiandika. Walimu waliopunguzwa kazi mji huu ni wengi, na wengine wana hali mbaya kuliko yake.

Wiki mbili baada ya Pasaka nilifungua duka nikakuta mtu amesimama nje, fimbo mkononi, katambuga miguuni, vumbi mpaka magotini. Ilinichukua muda kumtambua kwa kuwa sikumtegemea. Kaka yake Mwalimu. Hakuwahi kufika Geita maishani mwake. Alipanda mabasi matatu, akalala stendi Kahama, akauliza njia mpaka Kalangalala kwa kusema tu, “Yule mayu wa karatasi.” Nilimkaribisha ndani, nikataka kumpigia mdogo wake, akanizuia. Akasema hataki Mageni ajue amekuja. Tangu siku ile, akasema, mdogo wake hajaja nyumbani, na akipiga simu anaongea kwa heshima sana, kama anaongea na mgeni.

Nilimpa chai na andazi la Noela, sikumwambia ni la Noela. Hakuigusa. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kile kitambulisho, akakiweka juu ya kioo cha meza yangu, kati ya kalamu na bahasha.

“Mayu,” akasema, “wewe unajua mambo haya. Mtu mwenye hiki akifa, wanakichukua?”

“Kinafutwa,” nikasema.

“Na jina linabaki wazi? Mwenyewe anaweza kulichukua?”

Nilielewa anauliza nini, na nikamfokea. Nilimfokea kwa sauti kubwa, mteja aliyekuwa anaingia akarudi nje. Nikamwambia asije akarudia maneno hayo mbele yangu wala mbele ya mtu yeyote, ana mke, ana watoto, ana ng'ombe tisa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, ameinamisha kichwa kwa adabu, kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu aliyetoka mbali na hawezi kurudi bila jibu.

“Lakini linarudi, au halirudi?”

“Halirudi, kaka. Ukifa wewe, kwenye karatasi Mageni ndiye atakuwa amekufa. Mdogo wako atabaki Boaz wa sabini na tisa vile vile.”

Nje magari ya kwenda machimboni yalikuwa yanapita, na mtu wa duka la mbao anawasha mashine yake.

“Kwa hiyo hata nikifa, sitakuwa nimemsaidia.”

“Hata ukifa,” nikasema.

Alikichukua kitambulisho, akakifuta kwa kiganja, akakirudisha mfukoni na kufunga kifungo. Akanishukuru. Akaniuliza stendi ya mabasi ya Kahama iko upande gani.